Eda ya Grisi

Hedimani Kinyua, mzee wa mtaa aliyewekwa na serikali, alilitaja gari la Idrisi huku vidole vyake vingali na mafuta ya pilau ya matanga. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya bucha ya Idrisi, Majengo ya Meru, wamekwisha kumsomea marehemu hitima, na sahani zinapita mara ya pili. Akasema, kama mtu aliyekumbuka kijambo kidogo, kwamba serikali inakusanya magari mabovu yaliyolala kwenye nyua za watu ili yazibe barabara penye vizuizi, na kwamba lile la marehemu lingekaa vizuri sana pale darajani, njia ya Embu. Maksai wa kuliburuta anao. Mnyororo anao.

Nyuma ya pazia la mlango, Mwanamisi, mjane wa Idrisi, alisikia kila neno. Kizuizi cha darajani alikijua. Ndipo askari walipomteremsha mumewe kutoka kwenye lori mwaka wa hamsini na tatu, Hali ya Hatari ikiwa bado mbichi, akirudi na mbuzi wa kuchinja aliowanunua Ishiara. Walisema mbuzi wale si wa bucha, ni wa watu wa msituni. Idrisi alizungushwa kambi hii na kambi ile miaka minne na ushei, akaachiliwa kifua chake kikiwa kimekwisha kazi, akabebwa na lori mpaka Ishiara, na hapo akafia nyumbani kwa rafiki yake Hersi, mchuuzi wa mifugo. Wakamzika alasiri ya siku ile ile, kama ilivyo ada. Mwanamisi hakumwona akiwa hai, hakumwona akiwa maiti, na kaburi lake hakulijua. Sasa walitaka kulichukua gari lake, walisimamishe pale pale walipomkamatia, lizuie watu wengine.

"Hapana," alisema, kwa sauti iliyosikika na pazia tu.

Mbele ya bucha, Maalim Abubakar, imamu wa msikiti, alinawa mikono polepole, akamweleza hedimani kwamba mjane ameingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani kwake, na mwanamume wa kando haingii uani kwake. Kinyua hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa anautaka uchifu, na watu wa Majengo wote walikuwa wanamtazama. Akasema yeye si mtu wa kuvunja dini ya watu. Mama na akae eda yake. Ikiisha, atakuja na maksai.

"Na kama siku hiyo litakuwa linatembea?" aliuliza Kaberia, fundi wa mashine ya unga iliyopakana na bucha.

Wanaume wakacheka. Gari halikuwa hata na magurudumu. Kinyua naye akacheka, akauinua mkono wake unaong'aa mafuta ili wauone wote.

"Likitembea, Kaberia, lango la ua huu nitalifungua mimi, kwa mkono huu huu. Na nyinyi mnipigie makofi."

Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la wazi, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma kama mwavuli, na rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyolala. Idrisi alilinunua kwa daktari wa mifugo wa Kizungu aliyekuwa anahama Embu. Kwa gari hilo alimfundisha mkewe kuendesha, barabara ya Mikinduri, buibui limefungwa kiunoni, na watu wa sokoni wanaacha kufunga miraa yao ili watazame. Kisha wakubwa wakamwambia kwamba kila akitaka kulitoa aombe ruhusa. Idrisi akajibu kwamba gari la kuombewa ruhusa si lake. Akalipandisha juu ya mawe, akayang'oa magurudumu, na hakuna aliyejua alikoyaweka isipokuwa mkewe.

Yalikuwa kwenye banda la nyuma, chini ya ngozi mbichi zilizotiwa chumvi. Askari walikuwa wamelipekua banda lile zaidi ya mara moja, na kila mara harufu iliwafukuza kabla hawajainua ngozi ya pili.

Mashavu, dada ya Idrisi, aliyekuja kukaa na wifi yake eda, alimkuta analiviringisha gurudumu la kwanza kulipeleka kwenye gari, nguo yake nyeupe ya msiba imeingia weusi mpaka viwikoni.

"Wifi, umerukwa na akili? Mwenye eda anashika tasbihi."

"Tasbihi nimeshika alfajiri. Eda inanikataza manukato, na hina, na kutoka nje. Grisi haikutajwa."

"Haikutajwa kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mwanamke wa namna yako."

"Basi sasa wamejua. Shika upande ule."

Mashavu alisonya, akashika.

Ua wenyewe ulikuwa umezungushiwa ukuta wa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na upande wa mashine ya unga kulikuwa na tundu la chini ambalo zamani ngozi zilipitishwa. Hilo ndilo likawa karakana. Kaberia alikaa upande wake juu ya jiwe, mgongo ameuegemeza ukutani kwa heshima, asimwone mjane wala gari. Yeye na Idrisi walikuwa marafiki wa kuazimana mpaka viatu. Alikuwa anauliza, shemeji, unaona nini hapo? Naye Mwanamisi alikuwa anamwambia. Waya mwekundu umetafunwa na panya. Mpira wa rejeta umepasuka kama kisigino. Akifungua kitu asichokijua jina, alikipitisha tunduni kwa kijiti, na Kaberia akakigeuza juani, akakifuta, akakirudisha na jina lake.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa injini. Ilikuwa imeshikana kwa kutu, na hendeli, chuma cha kuizungushia, ikitiwa haikwenda mbele wala nyuma. Kaberia alisema hapo hapana nguvu, pana subira. Atoe plagi, amimine mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye kila tundu, aache. Kila asubuhi baada ya sala aiwekee hendeli uzito wake wote, na ikikataa asiipige, amimine tena.

Ilikataa. Mwanamisi akamimina tena. Mvua zikaja zikaisha, na injini ikawa inamnywea mafuta ya taa kuliko taa zenyewe. Mashavu alisema hata hedimani ana huruma kuliko chuma hiki.

Katika kungoja, Mwanamisi alifanya mengine. Viti vya ngozi vilikuwa vimekauka na kupasuka, akavisugua kwa mafuta ya mkia wa kondoo, asubuhi na jioni, kama mtu anayemkanda mzazi, mpaka vikalainika. Tangi lilikuwa linavuja. Aliliziba kwa sabuni ya mche kama Kaberia alivyomwelekeza. Turubai la paa lilikuwa limeoza lote, basi akalikata lile lililokuwa likifunika meza ya nyama siku za soko, akalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani.

Siku alipoinua kiti cha dereva alikuta kiota cha panya. Walikuwa wamekijenga ndani ya kofia ya Idrisi, ile ya viua vya buluu, aliyodhani alikwenda nayo kambini. Alikaa chini, kofia mapajani, na siku hiyo hakushika spana. Kaberia aliita tunduni, akaita tena, kisha akabaki pale pale ameegemea ukuta mpaka kivuli kikamhama. Kesho yake kofia ilikuwa imefuliwa na kuanikwa juu ya usukani, na Mwanamisi alikuwa ameinamia hendeli.

Asubuhi hiyo ilisogea upana wa ukucha.

Hakupiga kelele. Alikwenda tunduni akamwambia Kaberia kwa sauti ya chini, na Kaberia akacheka peke yake kama mwenda wazimu, mpaka wanawake waliokuja kusaga wakamwuliza ana nini.

Ilipolegea kabisa na kuanza kuwaka, tatizo likawa mlio. Kinyua alikuwa akipita Majengo kila uchao, na angesikia gari linakohoa angekuja na jambo jipya. Basi injini ilijaribiwa pale tu mashine ya unga inaponguruma. Petroli iliingia kwa tundu ndani ya kopo la samli. Ilikwenda vizuri, mpaka siku moja mkanda wa kinu ukakatika, Kaberia akakimbilia kuizima mashine yake bila kufikiri, na Majengo nzima ikanyamaza isipokuwa ua wa mwenye eda. Kinyua alikuwa amesimama mlangoni pa kinu na mfuko wake wa mahindi.

Akauliza huo ni mlio wa nini.

"Ni mashine yangu," alisema Kaberia. "Mkanda umekatika, injini inaendelea tu kwa hasira. Ukitaka, hedimani, ingia uishike."

Kinyua alitazama ukuta wa madebe. Mwanamisi, upande wa pili, alikuwa amekwisha kuzima, mkono wake ungali kwenye swichi. Hedimani akasema mashine za Kaberia siku zote zilikuwa za ovyo, akaupandisha mfuko wake begani, akaenda zake.

Maalim Abubakar alimwombea Mwanamisi pasi ya kwenda Ishiara kulizuru kaburi eda ikiisha. Ofisi iliitoa bila maneno mengi, ikidhani mjane atapanda basi.

Siku ya mwisho ya eda iliingia. Mwanamisi alioga, akabadilisha nguo zote, akajifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu habari ile ije. Kisha akavaa buibui, akatoka uani. Mashavu alikuwa tayari ameshika hendeli.

"Pandisha paa, wifi, angalau. Watu wamejaa huko nje, wanatazama."

"Ndiyo sababu nimelikunja."

Nje ya lango maksai walikuwa wanapumua. Kinyua alikuwa amekuja na mnyororo na vijana wa kuburuta, na nusu ya Majengo imekuja kuona. Akapaza sauti kumwuliza Maalim kama eda imekwisha. Maalim akajibu kwamba imekwisha, alhamdulillahi. Asubuhi hiyo Kaberia hakuiwasha mashine ya unga. Wanawake walikuwa na magunia yao mlangoni, naye amekaa juu ya jiwe lake, amekunja mikono. Alitaka isikike.

Mashavu akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikafa. Nje, mtu akacheka, na Mwanamisi alilijua cheko lile. Akausukuma kidogo mkono wa kurekebisha hewa ya injini, kama alivyofundishwa, akampa ishara wifi yake. Mara ya pili ilikohoa, ikasita, ikashika. Moshi wa samawati ukapanda juu ya ukuta wa madebe. Maksai waliinua vichwa, wakarudi nyuma pamoja na mnyororo wao, na vijana wakawakimbilia.

Mwanamisi alisogeza gari mpaka pua yake ikagusana na lango, akasimama hapo, injini ikinguruma.

Kinyua alisema lango likiwa limefungwa kwa ndani, afungue aliye ndani. Mashavu akamjibu kwamba komeo limekwisha kutolewa tangu asubuhi, limebaki kusukumwa tu. Kinyua akasema basi alisukume mtu yeyote, yeye ana kazi. Hakuna aliyesogea.

"Nakungoja, hedimani," alisema Mwanamisi. "Mimi nimejifunza kungoja."

Hapo Kaberia akaanza kupiga makofi. Alipiga polepole, ameketi vile vile. Wanawake wa magunia wakamfuata, kisha wachinjaji wa bucha, kisha Majengo yote, makofi ya taratibu, bila neno, na wanaume waliokula pilau ya matanga wote walikuwapo. Kinyua aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akauweka mkono wake langoni, akasukuma.

Gari likatoka, paa limekunjwa, kofia ya viua vya buluu juu ya kiti cha kushoto, Mashavu nyuma ameshikilia mtandio. Mwanamisi hakumtazama hedimani. Alikuwa anasikiliza gia.

Pale darajani askari wa kizuizi alikuwa ametayarisha mahali. Alikuwa amepanga mawe manne makubwa kando ya barabara, ya kukalishia gari lenyewe. Alipoliona linakuja kwa magurudumu yake alinyanyua bunduki, akaishusha, akaomba pasi, akaisoma juu chini. Akasema ameambiwa apokee gari bovu.

"Ndilo hili."

"Hili si bovu, mama."

"Basi huna cha kupokea."

Askari akaitazama tena pasi, akalitazama gogo la kizuizi, akakuna shingo. Mwanamisi akazima injini, akateremka. Alisimama penye yale mawe, mahali alipokuwa akipaota kwa miaka, na ilikuwa vumbi tu, na majani makavu, na kipande cha gunia. Akamwambia askari amsaidie kupakia jiwe moja. Askari akauliza la nini. Akamwambia kwamba hayana kazi tena hapa. Askari alilibeba mwenyewe, akaliweka miguuni pa Mashavu, akaenda kuinua kizuizi.

Walifika Ishiara jua likiwa bado juu. Hersi aliwapeleka kwenye kaburi, nyuma ya zizi lake, tuta la udongo mwekundu lisilo na alama. Aliposaidia kuteremsha jiwe aliuliza kwa upole kwa nini walibebe toka mbali hivyo, na Ishiara mawe ndiyo mazao yenyewe.

"Hili lilikuwa la darajani," alisema Mwanamisi. "Sasa ni lake."

Walilisimamisha kichwani. Alisoma Fatiha, akakaa na mumewe kwa kadiri alivyotaka, bila mtu wa kumwambia anyanyuke. Kisha akamwomba Hersi maji ya rejeta. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya darajani, na alitaka kuipita mchana, paa likiwa chini.