Udongo wa Otto

Kesho yake Rimma alikuwa apande treni ahamie bara, kama walivyoiita nchi ya kusini, maana mgodi ulikuwa umefungwa na Vorkuta, mji wa makaa ya mawe kaskazini penye barafu, ilizidi kubaki tupu, nyumba baada ya nyumba. Vyombo alishavigawa. Ilibaki kazi moja: kuchota udongo wa kaburi la baba yake, Otto, mfungwa aliyefia mgodini Rimma hajaanza hata kutambaa. Mama yake, aliyezikwa huko bara, alikata roho akimsihi amletee Otto, hata kiganja kimoja.

Wafungwa hawakuandikiwa majina. Walichomekewa vigingi vya mbao vyenye namba, basi. Na barafu ya chini ya ardhi haina adabu: kila mwaka huvisukuma vigingi juu, na kila Julai wenye wafu wao huenda kuvisimamisha. Rimma hakukosa Julai hata moja. Alikuwa akinyoosha kigingi, kisha anakaa kumsimulia baba habari za nyumbani.

Safari hii alifuatana na jirani yake Algirdas, Mlithuania mzee, naye mfungwa wa zamani. Mbu waliwala bila huruma. Rimma alipiga magoti, akatoa kijiko na mfuko wa kitambaa. Mzee akamshika bega, akamwita kwa heshima, kwa jina la baba yake.

"Rimma Ottovna, ngoja kwanza. Huenda unamchukua mtu mwingine."

Akamweleza polepole. Kiangazi kimoja, Rimma akiwa bado shule, mvua ililainisha mteremko wote na vigingi vikalala chini. Wajane wakaja kuvichomeka upya, ila shimo la nani ni lipi, hakuna aliyejua. Kila mmoja alibahatisha, mama yake Rimma akiwamo.

"Mama yako alinikataza kusema," Algirdas alisema. "Alisema mtoto lazima awe na mahali pa kumwamkia baba yake."

Rimma alipandwa na hasira. Alimkasirikia mama, akamkasirikia na huyu mzee aliyekaa kimya miaka yote hiyo.

"Sasa mimi nilikuwa namsimulia nani? Harusi yangu, homa za mwanangu, ulevi wa mume wangu, nilimwambia nani yote hayo?"

"Sijui, binti yangu. Ila huyo, awaye yote, hakuwa na mgeni mwingine."

Hapo Rimma akalia, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Uchungu ulikuwa mpya kabisa. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wenye tope, akachota kijiko kimoja pale pale. Halafu akasogea kwenye kigingi cha jirani, akachota. Akaenda kilichofuata. Algirdas alimfuata nyuma akihema, akamuuliza mama yake atamtambuaje Otto katika mchanganyiko huo.

"Mama mwenyewe atamjua mumewe," Rimma alisema bila kuinua kichwa. "Hawa wengine nao waliacha wake wakiwasubiri."

Mfuko ulijaa kabla safu haijaisha. Mzee akavua kofia yake, akaikinga chini ya kijiko.