Ukuta wa Upande wa Jua

Kyllikki ni mke wa kaka yangu Urpo, na tangu aolewe nyumbani kwetu, sisi wawili hatujawahi kukosa la kutaniana. Kwa hiyo nilipoingia jikoni kwake mwishoni mwa Januari nikamsalimu asinijibu, nilijua mambo si shwari.

Alikuwa anaizunguka meza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, tangu alipoteleza kwenye barafu mlangoni pa sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, na magongo yake yalikuwa yamekwangua rangi ya sakafu hata pakatokea kijia, kama cha ng'ombe waendao kunywa maji. Meza, dirisha, jiko, mlango, meza. Akikaa, anainuka. Anashika soksi aliyokuwa anaifuma, anafuma kidogo, anaitupa.

"Wifi, kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Kaa wewe. Mimi nimekaa tangu Novemba."

Huku kwetu Finland ya kaskazini, zipo siku za Desemba ambazo jua halichomozi kabisa. Januari linachungulia juu ya ziwa mchana kidogo, kama mgeni asiyetaka kuvua koti. Ikifika adhuhuri kila mtu hutafuta kisingizio cha kuwa nje: huyu anakwangua theluji ambayo alishaikwangua asubuhi, yule anakwenda kutazama nyavu zake chini ya barafu. Muuguzi wa zahanati hachoki kutukumbusha kwamba mwanga wa mchana ndio unaouambia mwili kumekucha. Ukiukosa, usingizi hupotea njia na moyo huufuata. Kyllikki hakuwa na haja ya kuambiwa. Usiku alikuwa macho, mchana anasinzia, na katikati anamgombeza mtu yeyote aliye karibu.

Urpo alikuwa akimtoa nje kwenye kiti cha kuteleza juu ya theluji, amemfunika ngozi za kondoo, hadi baridi ilipozidi na vidole vya ule mguu vikaanza kugeuka vyeupe. Muuguzi akakataza. Binti yao akaleta taa kali ya kukaa mbele yake asubuhi. Ilisaidia kiasi, haki yake nisiidhulumu.

"Lakini ni kama kubusu picha," alisema Kyllikki.

Shida ilikuwa nyumba yenyewe. Baba yetu aliijenga kwa magogo ya msonobari, akayaelekeza madirisha yote barabarani, upande wa kaskazini, apate kuona nani anapita na kabeba nini. Ukuta wa kusini, unaotazama ziwa, aliuacha mtupu. Alidai upepo wa ziwa hauna adabu. Basi jua lilikuja, likaupiga ukuta kwa nje, likaenda zake, na Kyllikki yuko ndani kawasha taa.

Alimwomba Urpo amtobolee dirisha kwenye ukuta huo.

"Majira ya joto yakifika," Urpo alimjibu. "Nani anatoboa nyumba baridi ikiwa hivi?"

"Majira ya joto jua linaingia hata usiku, hata kwenye tundu la ufunguo! Mimi nalitaka sasa."

Urpo akavaa buti zake. Jumatatu akaenda kukata miti mbali huko, kambini, harudi mpaka Ijumaa.

Kesho yake asubuhi Kyllikki alinipigia simu. Nyumba yangu iko ng'ambo ya uwanja tu, ningeweza kumsikia hata bila simu.

"Wifi Aili, niletee ule msumeno wako wa mashine."

"Wa nini?"

"Kuni."

"Ghala lako limejaa kuni mpaka darini."

Akasema, "Haya, wa ukuta."

Nilikwenda na msumeno, ila kwa nia ya kumkatalia. Nikamkuta ameshaliburuta kabati la nguo kutoka ukutani, sijui alilisukuma kwa nguvu gani, pengine kwa hasira tupu. Amechora umbo la dirisha kwa chaki, amepigilia mbao mbili za kusimama ili magogo yasiteleze. Uso wake ulikuwa kijivu.

"Urpo atatuua," nikasema.

"Mimi mgonjwa. Ataanza na wewe."

"Na huo ni ukuta wa baba yangu!"

"Mtake radhi, halafu washa."

Niliwasha. Nilisema moyoni nitakata kidogo tu, aone ubaya wake, aniambie basi. Hakuniambia basi. Moshi ukajaa jikoni, unga wa mbao ukatuingia puani na kwenye sukari, naye akaniongoza kwa gongo: hapa, shuka, sasa kule. Kipande cha mwisho nilikipiga teke, kikaangukia kwenye theluji nje.

Baridi iliingia kwanza, ikatushika koo. Nyuma yake likaja jua. Lilikuwa chini sana, jekundu, juu tu ya barafu ya ziwa, na halikuishia mlangoni kama mgeni. Lilivuka sakafu yote, likapanda ukuta wa pili, likafika kwenye vikombe juu ya rafu. Kyllikki alisimama katikati yake amefumba macho. Hakuzunguka. Nilimwona machozi, nikajifanya nafagia.

Alipofumbua macho akasema, "Mungu wangu, uchafu gani huu! Wifi, hukuwahi kuniambia?"

Tulipachika dirisha la zamani la zizi la ng'ombe. Likawa dogo kuliko tundu. Tukaziba pembeni kwa sufu, kwa magazeti, na sweta la Urpo ambalo sikulipenda tangu zamani. Usiku huo bomba la maji likaganda. Nilimsihi aje kwangu, akakataa. Alilala jikoni kando ya jiko, na koti juu. Asubuhi aliniambia kalala vibaya, lakini kalala.

Ijumaa Urpo aliingia na mkoba wake. Akalitazama dirisha, kisha sweta lake, kisha mimi.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi," tukasema pamoja.

"Gogo la juu limeshuka. Mnaliona? Baba alilichagua mwenyewe msituni lile. Wehu wawili! Nyumba ingewaangukia!"

"Haikutuangukia," alisema Kyllikki. "Na mimi siombi msamaha, Urpo. Nilikuwa nakufa humu ndani huku nafuma soksi."

Urpo alilala bila kula. Jumamosi akaja na nguzo na vipimo, akaanza kuling'oa dirisha, akilaani chini kwa chini. Adhuhuri jua likamkuta pale pale, nyundo mkononi. Akasita. Akajivutia kibao, akaketi.

"Aili," akaniita, "unakumbuka mama alikuwa anasimama nyuma ya zizi?"

"Sikumbuki." Mimi ndiye mdogo, mama aliondoka duniani nikiwa bado nanyonya kidole.

"Mchana, mwezi kama huu. Mgongo ukutani, uso juu. Nilidhani analia. Nikamwuliza baba, akasema mwache, mama yako anapumzika." Akakifuta kioo kwa kiganja. "Alikuwa anaota jua tu, yule mama. Nyumba nzima hii, na anakwenda kuota jua zizini."

Kyllikki alimmiminia kahawa na hakusema neno, jambo ambalo kwake ni kubwa.

Urpo alimaliza kulipachika dirisha upya Jumapili. Si zuri. Upepo ukitoka ziwani linapiga mluzi, na gogo la juu litabaki hivyo limeshuka. Wifi yangu hakupona kwa siku moja. Wiki mbili nzima aliendelea kutugombeza, ila usingizi ulianza kumrudia kidogo kidogo, akawa anaamka na njaa. Siku za mawingu anakaa pale vilevile, maana hata mwanga wa kijivu, asema, si sawa na giza.

Juzi, Kyllikki akiwa ameshatolewa hogo, nimemkuta Urpo kakaa kwenye kiti cha mkewe, ameanika soksi zake kifuani zikauke juani, anakoroma.

"Mwamshe," nikamwambia Kyllikki, "anakula zamu yako."

"Mwache," akasema. "Mimi natoka nje."