Pengo la Besi ya Kwanza

Tenda wema nenda zako, walisema waliotutangulia. Hawakusema uende wapi kama mji ni mmoja, kinyozi ni mmoja, na uliyemtendea wema anarudi kila Krismasi amevaa koti jipya.

Hosea Tolliver alikuwa ameketi karibu na jiko la makaa katika duka la Ezra Pruitt, kinyozi wetu hapa Birmingham, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi ya mwaka 1957. Alivaa shati alilopigiwa pasi na mkewe, Odessa, na katika mfuko wa ndani wa koti alikuwa na picha yake ya ujanani: kijana mrefu mwenye glavu, kajinyoosha msamba, mguu mmoja juu ya besi, kile kituo ambacho mkimbiaji wa besiboli hupaswa kukifikia. Odessa ndiye aliyeitia mfukoni asubuhi ile. "Leo usirudi nayo," alimwambia.

Juu ya kioo kikubwa cha Ezra palikuwa na picha nane za wachezaji weusi wa besiboli, kila mmoja bora katika nafasi yake, wa zama zile ligi kubwa za wazungu zilipokuwa zimetufungia mlango. Pengo lilibaki moja, la besi ya kwanza. Wakati wa baridi, viwanja vikilala, wanaume walikuja hapa kubishana, na sheria ya Ezra ilikuwa nyepesi: picha haipandi ukutani mpaka mtu aliyecheza na mwenye picha amshuhudie mbele ya wote. Magazeti ya wazungu hayakuwa na habari nasi. Tusingejikumbuka wenyewe, nani angetukumbuka?

Ya besi ya tatu ilikuwa picha ya Lemuel Gaines, na aliyemshuhudia ni Hosea. Baridi iliyopita alisimama pale pale akaapa: "Lemuel hakuwahi kunitupia mpira mbovu. Ulinifika kifuani, ningeudaka hata nikiwa nimefumba macho."

Uongo mtupu. Lemuel alikuwa na mkono wenye nguvu usio na adabu. Akiokota mpira kwenye besi ya tatu na kuutupa ng'ambo ya uwanja, mara nyingi ulipiga chini kabla ya kufika, na Hosea, mguu umebana besi ya kwanza, alijikunja akauchota vumbini kabla mkimbiaji hajafika. Mtupo mbovu ukichotwa, hauhesabiwi kosa. Basi Lemuel alionekana safi, ligi kubwa ilipofungua mlango akachukuliwa Chicago, na Hosea akabaki na vidole vilivyopinda na kazi ya tanuru la chuma. Hata hivyo alimwapia, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa aliamini siku moja Lemuel naye angemshuhudia.

Siku hiyo ilikuwa leo. Lemuel alikuwa ameketi palepale dukani, mguu juu ya mguu, akinukia manukato.

"Besi ya kwanza ni Purvis Oakley wa Memphis," alisema Thad Broom, dereva wa lori la barafu, mdomo umejaa karanga za kuchemsha. "Yule akiugonga mpira, ulikuwa unahamia kaskazini kutafuta kazi!"

"Kugonga ni kugonga," alisema Ezra, akimnyoa ndevu Shemasi Whitlow. "Besi ya kwanza ni kudaka. Mimi nasema Hosea."

"Kudaka nini, Mzee Ezra? Si mwenyewe alituapia hapa kwamba Lemuel alikuwa anamletea mpaka kifuani? Sasa nimsifu nani, tarishi au sanduku la barua?"

Duka zima likaangua kicheko. Hosea naye akacheka, maana asiyecheka pale kwa Ezra huliwa mzima.

"Mwenyewe si huyu hapa?" alisema Ezra. "Lemuel, sema kweli, ndugu yangu. Hosea alikuwa anakuokoa, au hakuwa anakuokoa?"

Lemuel alitazama picha yake ukutani. Alikwisha kustaafu, na kabla hata hajavua kofia alitutangazia kwamba kuanzia masika angelipwa na timu yake ya Chicago kuwafundisha vijana kutupa mpira. Hosea alimkazia macho kama mgonjwa anayengoja jibu la daktari.

"Hosea ni kaka yangu," alisema Lemuel. "Mtu mwema sana. Lakini kuniokoa... jamani, niko mbele ya shemasi, nisije nikadanganya. Mpira nilikuwa naufikisha. Oakley niliwahi kucheza naye pia, na Oakley ndiye bora. Hosea alikuwa wa kutegemewa."

Wa kutegemewa! Hivyo ndivyo anavyosifiwa punda.

"Lem," alisema Hosea taratibu, "na lile vumbi?"

"Vumbi gani tena, kaka?"

Hosea angesema nini? Kwamba aliapa uongo mbele ya watu hawahawa? Mdomo wake ndio uliomponza. Alimchukia Lemuel saa ile kuliko alivyowahi kumchukia mzungu yeyote aliyemfungia mlango, kwani mzungu hakuwahi kumwita kaka.

Ezra alishusha pumzi. "Ushahidi ni ushahidi," alisema, akaitoa picha ya Oakley kwenye droo na kuitundika pale penye pengo.

Lemuel akainuka kuaga. Ezra alimwomba atie sahihi mpira wa kuweka rafuni, naye akautia. Alipofika mlangoni akageuka, meno yote nje. "Kaka Hosea! Kama zamani!" Akautupa.

Hosea alikuwa amesimama mbele ya kioo akifunga vifungo vya koti. Aliujua mtupo ule tangu ulipoachana na vidole: wa chini, kama kawaida. Goti lake lilianza kujikunja lenyewe. Akalizuia, akaacha mikono ining'inie.

Mpira ulipiga ubao wa sakafu, ukampita mguuni, ukaruka na kukivunja kile kioo kikubwa.

"Lahaula, Hosea!" alipiga kelele Ezra. "Hata huo?"

"Na huyu ndiye tuliyetaka kumtundika!" alisema Thad, akifuta machozi ya kicheko. Lemuel alicheka pia, akapunga mkono, akatoka.

"Ulikuwa wa chini," alisema Hosea.

"Wa Lemuel?" aliuliza Thad. "Acha hizo, mzee. Uliapa mwenyewe kwamba hajawahi."

Ezra alimpa ufagio tu, na Hosea akainama kuokota vipande vya kioo.