Pini ya Ishirini na Moja

Karakana ilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani na moja tu iliyofuatwa. Asubuhi kila fundi alipewa pini ishirini zilizochomekwa kwenye kimto cha sponji, na jioni alirudisha ishirini. Zikipungua, hatoki mtu mpaka iliyopotea ionekane, kwa sababu pale walishona nguo za watoto wachanga, na kichanga akichomwa hawezi kusema kachomwa wapi. Sheria nzuri kabisa. Hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Fundi mmoja walimwita Sumaku. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Alikuwa na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, amekishonea mfuko wa kitambaa, na kila nguo aliyoimaliza alikipitisha juu ya mishono: kola, kwapa, pindo, mfuko. Kisha anarudia. Kisha anaikunja nguo, anaiweka, anapiga hatua mbili, anarudi kuikunjua. Wenzake walimtania, "Kikulacho ki nguoni mwako, Sumaku, endelea kukitafuta." Tajiri mwenye karakana hakutania. Yeye alileta wateja mpaka mbele ya cherehani yake. "Mnamuona huyu? Kwake hata unywele haupiti." Mwanamke anaungua, mwenzake anaota moto.

Nyumbani aliishi na mume, binti mmoja na mama yake mzazi. Nguo za kumalizia kwa mkono alizibeba kwenda nazo, na wasiwasi ukajibeba wenyewe.

"Mama, umeangalia?" Sumaku aliuliza.

"Nimeangalia, mwanangu. Hakuna."

Dakika haijapita. "Umeangalia na kwapani?"

"Na kwapani. Hakuna."

Mama alijibu akipika, akifua, akisinzia. Angefanyaje? Ukimwona mwanao anatetemeka, na dawa yake ni neno moja lililo mdomoni mwako, utamnyima? Basi akajibu, na kila alipojibu swali lilirudi na njaa zaidi.

Jioni moja kulikuwa na kigauni cheupe cha kichanga. Sumaku aliuliza mara thelathini na kitu, chakula kikapoa, binti akalala na kijiko mkononi. Mama alichoka. Alikichukua kile kigauni, akageukia dirishani kama anayetafuta mwanga, na alipogeuka tena alikuwa na pini kati ya vidole viwili.

"Hii hapa. Ilikuwa kwenye pindo. Nimeitoa, imekwisha. Sasa kula."

Sumaku alikula, akalala kama mtoto. Asubuhi aliamka na hesabu kichwani. Jana alirudisha pini ishirini, na tajiri mwenyewe alizipokea. Mama kapata nyingine. Basi ishirini si ishirini. Na kigauni kile alikipitishia sumaku mara nane. Basi sumaku nayo haioni. Basi kila nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake haijulikani imebeba nini, na watoto waliozivaa hawajulikani walipo. Hakwenda kazini siku hiyo.

Kutoka hapo, ukaguzi uliokuwa wa saa moja kwa siku ukawa wa saa sita. Binti alikuwa na miaka minane. Kila asubuhi alisimama na taulo akingoja sare yake ipitishwe sumaku, kola, kwapa, pindo, mfuko, halafu tena, huku shule ikianza bila yeye. Hakulia. Alijifunza kusimama kimya na kungoja, na mtoto wa miaka minane anayejua kungoja kimya ni jambo la kusikitisha kuliko kilio. Mume alivumilia miezi michache, akasema maji yamezidi unga, akafunga begi. Kisha akaja mdogo wake Sumaku kumchukua mtoto. "Nitakaa naye mpaka upoe, dada," alisema. Kupoa kulichukua miaka kumi na moja.

Na usifikiri hakutafuta msaada. Mmoja alimwombea. Mmoja alimfukizia moshi mpaka akakohoa wiki nzima. Daktari mmoja alimwandikia dawa ya usingizi bila kuinua uso. Jirani akampa ushauri wa bure, aache tu. Aache tu, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai.

Kila Ijumaa Sumaku alipeleka mashuka hospitalini, maana karakana ilishona na hayo. Ijumaa moja aliketi kwenye benchi la ukumbini, akalifungua furushi kwa mara ya nne. Mlango wa chumba namba sita ulikuwa wazi. Muuguzi wa chumba hicho, msichana mwenye miwani mizito, alitoka akasimama kumtazama. Hakucheka wala hakukemea.

"Mama, kukagua huku kunakula saa ngapi za siku yako?"

Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Walimuuliza kwa nini, walimuuliza ana nini, walimuuliza haoni aibu.

"Sita," alijibu. "Siku mbaya, nane." Kisha akalia mbele za watu, furushi likiwa mapajani.

Muuguzi alimwingiza ndani, akamweleza polepole. Huo ni ugonjwa. Unaitwa ugonjwa wa wasiwasi wa kurudia-rudia. Si uchawi, si uvivu wala si wazimu, na una tiba.

"Tangu lini?" Sumaku aliuliza.

"Tangu lini nini, mama?"

"Tangu lini mna tiba yake humu ndani?"

Muuguzi alifikiri. "Mimi nimeikuta. Miaka kumi na tano hivi."

Sumaku alikuwa amepita mbele ya mlango ule kila Ijumaa kwa miaka saba, na mashuka kichwani. Huenda wagonjwa wa chumba hicho walilalia mashuka aliyoyakagua yeye. Alitaka kumchukia yule msichana, akakosa pa kuanzia.

"Ukipona unataka nini?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

"Binti yangu ana mimba. Nataka kumvisha mjukuu wangu nguo niliyoishona mimi. Halafu nimwombe binti msamaha, kama atanisikiliza."

Muuguzi aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

Tiba yenyewe haikuwa tamu. Vidonge kila asubuhi, na wiki kadhaa za kungoja vifanye kazi. Juu ya vidonge, mazoezi. Nguo aikague mara moja, kama mafundi wengine, aikunje, kisha akae na hofu yake bila kuituliza, mpaka ishuke yenyewe. Mara ya kwanza alikaa dakika hamsini jasho likimtiririka, na hofu ikashuka. Hakuamini kwamba ilijua kushuka peke yake. La mwisho lilikuwa la watu wa nyumbani. "Swali likija, wasijibu," muuguzi alisema. "Wakijibu wanalilisha."

Miezi miwili alikwenda vizuri, kisha akakwama kama mkokoteni kwenye tope.

"Wewe unaniambia hofu hii inanidanganya," alimwambia muuguzi. "Lakini mara moja ilikuwa kweli. Mama aliiona pini. Kwa macho yake."

"Mlete mama yako," muuguzi alisema.

Mama alikuja na mkoba wake, akaupakata kama mtu aliyeitwa polisi. Muuguzi alimwamkia, akampa kiti kizuri, akamuuliza habari za kigauni cheupe. Mkono wa mama ulipanda wenyewe mpaka kichwani, kwenye kitambaa alichojifunga, ukaishika pini iliyokibana.

"Ilikuwa ya hapa," alisema.

Sumaku hakuelewa. Au alielewa akakataa.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikasema nikupe unachokitafuta upumzike." Mama aliutazama mkoba. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimeisema methali hiyo kwa wenzangu maisha yangu yote, nisijue inanisema mimi."

"Miaka kumi na moja, mama."

"Najua."

"Mume wangu. Mtoto wangu."

"Najua."

"Hujui," alisema Sumaku. "Ungejua ungesema. Ulinitazama nikikagua mpaka vidole vikatoka damu, na pini yenyewe iko kichwani mwako."

"Nilikwisha sema uongo. Kila siku nilisema kesho nitauondoa, na kila siku ulikuwa umekua. Nikauogopa."

Muuguzi aliingilia. "Ugonjwa ulikuwapo kabla ya pini, mama. Pini haikuuleta."

"Haikuuleta," Sumaku alisema. "Iliupa kiti."

Wiki tatu hakumsemesha mama yake ila habari za chumvi na maji. Hasira ile ilikuwa haki yake na aliila yote. Lakini, ajabu, ilimfaa. Pini ya ishirini na moja haikuwahi kuwapo, hesabu za karakana zilikuwa sawa siku zote, na lile jiwe ambalo hofu ilikanyagia likawa limeng'oka. Saa sita zikawa mbili, mbili zikawa nusu saa. Tajiri aliligundua kabla ya wote.

"Naona siku hizi sumaku yako imelala."

"Nimetibiwa."

"Nani alikwambia unaumwa?" Alikuwa amekereka kweli, masikini. "Wateja wananiuliza habari zako." Mwezi huo alimhamishia kwenye vifungo.

Kwa vifungo alijali nini? Mjukuu alikuwa amezaliwa, wa kiume, na alipofikisha wiki sita Sumaku alimshonea fulana ya manjano yenye kimfuko kifuani. Aliikagua mara moja, akaikunja. Ile sumaku aliiacha mezani mbele ya mama yake, akatoka kwa miguu kwenda kwa binti. Njiani hofu ilimwambia rudi. Aliiacha iseme. Alikuwa akitunga maneno ya msamaha, na kila alipoyapanga upya aliyaona mafupi.

Binti alimfungulia mlango, akampokea kwa heshima, baridi kidogo, kama anavyopokelewa mgeni mwenye deni la zamani. Alikuwa amekonda. Chumba kilikuwa safi, ila kitandani kulikuwa na nguo za mtoto zimekunjwa, zimekunjuliwa, zimekunjwa nusu. Mtoto mwenyewe alilala katikati yake, uchi, amezungushiwa taulo.

"Nimemshonea fulana," Sumaku alisema.

Binti aliipokea. "Asante, mama. Nzuri." Kisha akageuka nayo dirishani, kwenye mwanga, vidole vyake vikaanza kutembea. Kola. Kwapa. Pindo. Mfuko. Vilifika mwisho vikarudi mwanzo. Kola. Kwapa.

Sumaku aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama," binti alisema, bila kugeuka, "umeangalia?"

Ilikuwa sauti yake Sumaku mwenyewe, kwenye koo changa.

"Umeangalia na kwapani?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Hakuna, mwanangu. Lingemtuliza. Lingemgeuza kutoka dirishani, lingempakatisha bibi mjukuu wake, na baada ya hapo msamaha ungekuja wenyewe. Miaka kumi na moja Sumaku alikuwa akingoja binti huyu amwombe kitu kimoja, chochote, na kitu chenyewe ndicho hiki.

"Unaumwa ninachoumwa mimi," alisema. "Kinakula saa ngapi za siku yako?"

Mikono ya binti ilisimama. "Sikuulizi hayo. Nakuuliza kama umeangalia. Ni neno moja tu, mama."

"Siwezi kukujibu. Nikikujibu ninakilisha."

"Mama mdogo alikuwa ananijibu." Binti aligeuka sasa, macho yamejaa. "Tangu siku ya kwanza niliyofika kwake. Kila asubuhi, mpaka nimeolewa. Hakuwahi kuchoka. Wewe ulinisimamisha na taulo, na leo nakuomba neno moja, neno moja, unaninyima."

Kumbe walimwondoa mtoto kwenye moto wakaenda kumtilia kuni mbali na macho ya mama yake, kwa upendo, kama walivyozoea katika ukoo ule.

Sumaku alimweleza habari za chumba namba sita. Alimweleza vidonge, mazoezi, hofu inavyojua kushuka. Alimweleza hata pini ya kitambaa cha kichwa. Binti hakusikia hata moja, alikuwa akisubiri sauti inyamaze aulize tena. Aliuliza mara tisa. Sumaku aliketi naye, asijibu, na kila mara ilikuwa kama kumpokonya mtoto chakula mdomoni. Mara ya kumi binti alimrudishia fulana kifuani, akafungua mlango.

"Nenda, mama. Ukipata cha kunijibu, uje."

"Kesho ni Ijumaa," Sumaku alisema akiwa kizingitini. "Saa mbili asubuhi nitakuwa pale benchini. Nitakuwekea nafasi."

Mlango ulifungwa. Sumaku hakuwa amemgusa mjukuu wake hata kidogo.

Nyumbani alimkuta mama yake pale pale mezani, sumaku mbele yake. Aliiweka fulana ya manjano kando yake, akaketi, akaeleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeziba mdomo.

"Lile neno, mama," alisema Sumaku. "Nilitaka kulisema. Nilitaka sana."

"Najua," mama alisema.

Safari hii Sumaku hakumkatalia.

Ijumaa walikwenda wawili. Walifika kabla ya saa mbili, wakaketi kwenye benchi la chumba namba sita, na katikati yao mama akaweka mkoba wake. Ukumbi ulijaa. Ilifika saa nne, ikafika saa sita. Muuguzi alichungulia mara mbili, akaona, akarudi ndani. Kila aliyekuja kutaka kuketi pale katikati, mama alimwambia pana mwenyewe, yuko njiani.