Mizani ya Bandia

Mseti alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoanza darasa la jioni la kompyuta mjini Tarime, na hakugusa kibodi kabla ya kuiombea. Jioni hiyo maombi yalirefuka. Mama Veronika, mwenyekiti wa kikundi chao cha wachimbaji wa dhahabu, alikuwa ameketi nyuma yake, mkoba mapajani. Programu ya Mseti ikifaulu jaribio, ndiyo itakayosoma mizani yao duarani, kwenye shimo lao la dhahabu. Ikishindwa, kazi inabaki kwa Heche, mpimaji wao wa sasa, ambaye hupima mara moja tu, kidole gumba kikiwa kimelala kwenye sahani.

Mizani yenyewe ilikuwa huko machimboni, kwa hiyo mwalimu Shani alimwelekeza kutengeneza ya bandia ndani ya kompyuta.

"Iambie ijibu gramu tano kila ikiulizwa. Kisha andika unatarajia iulizwe mara ngapi."

Mseti akaondoa mikono mezani. "Mwalimu, hakuna kitu juu yake. Gramu tano zitoke wapi? Mimi ni mzee wa kanisa."

"Si uongo, baba, ni igizo. Nasikia kila Krismasi kule kanisani kwenu Nyanungu wewe ndiye Herode."

"Mwaka wa sita huu."

"Umeua watoto wangapi?"

"Huyu?" Veronika akadakia. "Hata panya wa nyumbani kwake huuawa na mkewe!"

Basi akaandika: ijibu gramu tano, iulizwe mara moja. Akafumba macho, akabonyeza.

Skrini ikawa nyekundu. Ilitarajiwa mara moja, imeulizwa mara mbili.

"Ashindwe shetani!"

"Mwache shetani, baba. Programu uliyoandika mwenyewe inapima mara mbili. Kwa nini?"

"Nani huku anaamini dhahabu iliyopimwa mara moja?"

"Sasa mbona umetarajia moja?"

Mseti akakuna kichwa. "Nilinakili mfano wako wa ubaoni."

Akafuta moja, akaandika mbili, akabonyeza tena, safari hii macho wazi. Kijani.

"Amina!" likaitikia darasa zima, hata Shani, ambaye ni Mwislamu.

Veronika akasimama. "Jumatatu unaanza duarani. Heche nitamwambia mimi." Alipofika mlangoni akageuka. "Ila hiyo bandia ibaki humo humo. Heche akisikia kuna mizani inayojibu gramu tano bila kitu juu, ataomba kuinunua."