Kisogo Hakijui Porojo

…kisogoni, jamani, binti wa mashine anampaka uji wa baridi kisogoni na kubandika waya, kwani jicho limehamia huko lini, akamuuliza hivyo na binti akacheka, "Mzee, jicho linapokea tu, kuona kwenyewe kunafanyika huku nyuma, mwanga ukifika ubongo unatoa umeme kidogo, mashine inausoma," haya, yeye dereva wa basi la shule, bingwa wa kona na matope, aliyewahi kushuka mlima mzima kinyumenyume huku akitafuna karanga, leo anapimwa umeme kama betri mbovu, na amechoka, mwili mzito kama gunia lililonyeshewa, amechoka kukisia, lile bango la herufi aliliweza kiulaini, alikaa foleni akamsikiliza wa mbele yake akisoma, akalimeza lote, akalitema bila kukosea hata moja, daktari akakunja uso, ndipo akamleta huku ambako mdomo hauulizwi kitu… "Jicho la kulia nimelifunika, tazama kioo," na kwenye kioo eti miraba myeusi na myeupe inabadilishana, yeye anaona moshi, moshi unaochezacheza, na hilo la kulia nalo limeanza kumfuata ndugu yake, mkewe kakaa mlangoni na mkoba mapajani, "Baba watoto, tukitoka hapa tupitie…" tupitie wapi, hakusikia, anasikia breki, breki za Jumanne iliyopita, mjukuu wake kiti cha mbele akipiga kelele Babu, mtu! na yeye mguu chini, basi likaguna likasimama, jioni akatamba kijiweni, macho yangu ya mwewe, yule mtoto barabarani nilimwona tangu kule mbali, wakampigia makofi, mjukuu akamtazama tu, kama mtu mzima, hakumsuta… "Mzee, unabana meno? Msuli wa taya unachafua kipimo, mistari inarukaruka," eh, kumbe hata mashine inadanganyika, akabana zaidi, masikio yakavuma, bingwa ni bingwa, "Tunarudia, mzee, legeza," wakarudia, wakarudia tena, mkewe akasema, "Mzoee tu, mwanangu, huyo hata usingizini hakubali kushindwa," wakacheka wote wawili, naye angecheka ila taya linauma, na kesho watoto watapanda, shikamoo dereva, shikamoo dereva, mjukuu atakaa kiti kile kile, atakodoa macho barabarani kwa niaba yake, mtoto hata meno ya mbele hajamaliza kuota, ndiye dereva, ndiye anayeendesha basi tangu lini… "Tayari, mzee? Tunaanza," moshi ukachezacheza pale pale, akaliachia taya, mdomo ukabaki wazi kama wa aliyelala, haya, soma, binti, soma.