Bei Inazungumzika

Niliota usiku wa jana nimetumwa gari. Mama alinituma kama anavyonitumaga nyanya: "Fausta, kimbia hapo yadini uniletee gari, na usikae." Pesa alizitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kula, akalifunga mdomo kwa mpira wangu wa nywele. Nikatoka mbio na sare ya shule.

Gari yenyewe naijua hata nikiwa macho. Ni ya bluu, ina mlango mkubwa nyuma, na Mama ameshaiendea mara tatu akarudi mikono mitupu. Mama anapika chakula cha mchana cha mafundi wanaojenga ghorofa kule chini. Masufuria yanapanda bodaboda. Wiki iliyopita sufuria la maharage lilimwagika lote kwenye mzunguko wa kipilefti, mafundi wakala wali mkavu, na msimamizi akasema ikitokea tena anatafuta mpishi mwingine. Kwa hiyo gari lazima. Shida ni kwamba Mama hajui kuomba apunguziwe, anaona haya. Mimi ndio kabisa. Darasani nikiitwa jina naitikia kwa kidole.

Basi nikafika. Kwa nje ilikuwa yadi ya magari ya Bwana Dismas, na ule uzio wake wa mabati. Kwa ndani ilikuwa darasa letu la Kidato cha Tatu B. Magari yamekaa kwenye madawati, mawili mawili, na Bwana Dismas amesimama mbele anaita mahudhurio.

"Haijawahi Kugongwa!"

"Nipo," ikajibu gari moja yenye bandeji kwenye bampa.

"Ilikuwa ya Mwalimu wa Kike, Anaendea Kanisani Tu!"

"Nipo," ikajibu lori.

Bwana Dismas akaniona. "Ooh, karibu dada'angu! Karibu soda!"

Mama amenikataza soda za yadini. Anasema ukinywa umekaa, na ukikaa umenunua. Lakini kukataa kitu cha mtu mzima siwezi, nikaipokea kwa mikono miwili. Soda ikaninong'oneza, "Usinifungue mdogo wangu. Nimeshapigiwa hesabu ndani ya gari."

Nikaiweka kwapani, nikatembea mpaka dawati la nyuma, ilipo gari ya bluu. Kwenye kioo chake wameandika kwa chaki BEI INAZUNGUMZIKA.

Nasoma, na ninaposoma, yale maandishi yanajikunja, yanajikung'uta, yanakuwa mtu. Mtu mrefu, mweupe mwili mzima, amevaa suti. Amekaa kwenye bampa, miguu ameikunja nne.

"Mimi ndiye Bei," akasema. "Zungumza."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akapanda kwenye boneti.

Nikashangaa. "Mbona umepanda?"

"Umeniamkia. Ukimwamkia mtu anapanda. Hukufundishwa?"

"Samahani."

"Na samahani ni heshima pia." Akapanda juu ya kioo.

"Basi tafadhali, baba..."

"Umesema baba?" Akafika juu ya paa la gari, akakaa vizuri, akafungua kifungo kimoja cha koti. "Endelea, mwanangu. Umelelewa vizuri sana."

Nikaziba mdomo kwa mkono. Unajua ilivyo ngumu kuongea na mtu mzima bila adabu hata kidogo? Kila neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa na shikamoo ndani yake.

Bwana Dismas akaja ananusanusa. "Fanya haraka dada'angu. Kuna mteja mwingine anaitaka hiyo hiyo, anakuja saa nane."

"Yuko wapi?"

"Yule pale."

Dawati la dirishani palikuwa na koti limevalishwa kwenye kiti, na miwani imening'inizwa kwenye kola. Nikamsogelea. "Wewe ndiye Mteja Mwingine?"

"Ndiyo," koti likasema. "Nakuja saa nane."

"Lakini si ushafika?"

"Hapana. Mimi sijawahi kufika. Mwaka wa tatu huu nakuja."

"Na gari unaitaka kweli?"

"Sina hata miguu ya kukanyagia breki, mdogo wangu. Mimi nalipwa kwa kukaribia."

Nikarudi, nikafungua mlango wa gari nikaingia, maana nilitaka kukaa mahali ambapo Bei hanioni. Ndani nikasikia mtoto mchanga analia. Natafuta huku, natafuta kule. Kumbe ni ile mita ya kilomita, kwenye dashibodi.

"Nyamaza," nikasema. "Una kilomita ngapi?"

"Elfu arobaini," ikasema kwa kitoto, inavuta kamasi. "Jana nilikuwa na laki mbili na thelathini. Nilikuwa na wajukuu. Asubuhi wamekuja na bisibisi wakanirudisha. Sasa hivi naogopa giza."

Nikaipangusa kwa kona ya sketi, ikatulia.

Kiti cha nyuma alikuwepo Mama, anakoroga maharage. Hakuniangalia. "Fausta, usiichekee gari. Wakiona jino tu, Bei anapanda."

"Ameshapanda, Mama. Yuko juu ya paa."

"Umemwamkia?"

Nikajifanya natafuta mkanda.

"Hata mimi nilimwamkia," Mama akasema. "Mara zote tatu." Akaonja chumvi. "Mafundi wanakula saa sita. Bei akifika kwenye mbao za kenchi kule darini, kopo halimfikii tena. Mimi nachukua sufuria langu narudi kwenye bodaboda, na likimwagika tena ndio basi."

Nikatoka. Nikamwambia Bwana Dismas, bila kumwangalia, kwamba naomba nipunguziwe. Nilisema "naomba", na juu kule nikasikia kishindo. Bei ameshika kenchi ya dari kwa mkono mmoja, anajivuta.

"Ngoja nikaongee na bosi," Bwana Dismas akasema, akaingia nyuma ya ubao.

Nikasikia: "Bosi, kuna dada hapa anaomba apunguziwe." Halafu sauti ile ile, ila nzito: "Haiwezekani, Dismas. Hii gari tunaitoa kwa hasara." Halafu: "Nisaidie bosi, dada mwenyewe mpole." Halafu: "Upole wake tumeuona, ndio maana hatupunguzi." Halafu nikasikia mtu mmoja anatafuna karanga.

Bei alikuwa ameshakaa kwenye kenchi, anabembea miguu. Kopo langu mkononi limekuwa jepesi, kama pesa za ndani zimeona aibu zikajikunyata. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa sita, naiona inainama kuchukua kasi.

Na mimi nikikosa la kusema huwa nauliza jina, hata kwenye msiba nauliza jina.

"Kwani jina lako kamili nani?"

"Bei Inazungumzika Komba."

"Komba wa wapi?"

"Namtumbo."

Magari yote yakanigeuzia taa. Hata mita iliacha kuvuta kamasi.

"Ina maana wewe Mngoni?"

"Wa kuzaliwa. Kwani vipi?"

Nikahisi kitu kinafunguka kooni, kama kifuniko cha sufuria kinavyoinuka maji yakichemka.

"Mimi naitwa Fausta Kikoti," nikasema. "Mhehe. Wa Kalenga."

Bei akafumba macho. "Ayaa," akasema. "Usinifanyie hivyo."

Maana Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, tukabaki tunataniana. Mtani humnyenyekei. Mtani unamwambia lolote, na akikasirika, amelipa.

"We Komba," nikasema, na sauti ilikuwa yangu lakini kubwa, "huko juu ulipanda mwenyewe, au uliona Mhehe anakuja ukakimbilia?"

Gari moja ikapiga honi kwa kicheko.

Bei akajikaza. "Nimepanda kumwangalia mbwa wa mlinzi. Tangu umeingia hajabweka. Mmeshampitia?"

Magari yote yakapiga honi. Hiyo nilistahili.

"Hajabweka kwa huruma," nikasema. "Kakuona ulivyopauka, kadhani ni unga umemwagika."

"Bora mimi niliyepauka. Nyie mkibandika sufuria, majirani wanafungia mbwa wao ndani."

"Na nyie mtu akikohoa tu, mnahama kata!"

Bei akang'ata mdomo. Bega moja lilikuwa linatetemeka. Nikaona nisimwache apumue, nikakumbuka shangazi yangu anavyofanya kwenye misiba ya Wangoni. Nikavua sweta la shule, nikalifunga kiunoni. Nikajitupa chini mbele ya gari, chali, mikono kichwani.

"Uwiii! Bei wetu jamani! Bei wetu ametutoka! Nani atatukalia juu sasa?"

"Mimi sijafa!" Bei akasema.

"Marehemu alikuwa mbishi!" nikalia. "Hata kufa alikataa! Alikuwa na suti moja, anaivaa mpaka kwenye ugali! Uwiii!"

Magari yakaanza kulia, yanajipangusa kwa waipa. Kwenye dashibodi mita ikatoa ushahidi kwa sauti ya kitoto: "Alikuwa anapanda yeye, mimi wananishusha! Wajukuu zangu jamani!"

Mlango ukagongwa. Akaingia Mteja Mwingine, na miguu, na viatu, anahema.

"Poleni," akasema. "Nimewahi?"

Bwana Dismas akatoka nyuma ya ubao na maganda ya karanga kwenye ndevu. Akamwona Mteja Mwingine amefika, akashika dawati asianguke. "Kuna nini humu?"

"Kuna msiba," nikamwambia nikiwa pale pale chini. "Mwite bosi aje atoe rambirambi."

Bwana Dismas akaangalia ubao. Akaangalia viatu vyake. "Bosi ndio mimi," akasema taratibu, akaenda kukaa dawati la wanaochelewa.

"Mtani wangu," Bei akaniita kutoka kwenye kenchi, sauti inayumba. "Unataka nini uinuke hapo?"

"Ushuke. Mtani asipolipwa, hapazikwi mtu."

"Nishuke mpaka wapi?"

"Mpaka uenee kwenye kopo."

"Kopo la mafuta? Mimi? Na suti hii?"

"Tutakukunja," nikasema. "Si mmezoea kukunjwa na sisi."

Bei alijitahidi, namshuhudia. Alitazama ukuta, alijikohoza, alijaribu kufikiria kitu cha huzuni. Halafu kicheko kikamponyoka, na mkono nao ukaponyoka kwenye kenchi. Akashuka pwaa, akapita paa, akapita kioo, akapita boneti, bampa hata hakuigusa. Akatua sakafuni karibu yangu. Sifuri moja ilimtoka ikabingirika mpaka chini ya madawati, na lori likaikanyaga.

Alipokaa vizuri alikuwa na urefu wa kopo. Suti imempwaya.

"Mhehe," akasema anafuta machozi, "umeniua."

"Si nilikwambia tuko msibani."

Akacheka tena, akapungua kidogo tena, kwa bahati mbaya. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa sita kasoro, imeshika kiuno, inatusubiri tumalize. Nyuma ya gari nikasikia Mama anafunika sufuria.

"Mpelekee mama yako," Bei akasema. "Lakini mwenyewe akija, asije akaniamkia. Mimi nikiamkiwa sijiwezi."

Akanyoosha mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa baridi, tukashikana, akabana kwa nguvu kama wanavyobana watu wazima wakiuziana kitu.

Akawa bado amenibana nilipoamka.

"Fausta! Amka bwana, leo unanisindikiza yadini!" Mama alikuwa mlangoni, amevaa gauni la kwenda nalo mjini, mkoba ameubana kwapani. Jua limeshaingia mpaka kwenye neti. "Nimeota nini sijui, nimeamka nacheka peke yangu. Twende tumalizane na yule baba. Leo nitampigia goti kabisa, huenda akanionea huruma."

"Usimpigie goti," nikasema.

Mama akageuka. Mimi huwa siongei kabla ya chai.

"Usimwamkie, Mama. Muulize ukoo wake kwanza. Ukishindwa kumuuliza, nitamuuliza mimi."

"Wewe?" Mama akasema. "Wewe wa kuitikia kwa kidole?"

"Mimi."

Akaniangalia sana, kama anaangalia mtoto wa jirani. Halafu akaweka mkoba chini. "Haya. Kanawe basi, chai inapoa."

Nikaenda nje kwenye ndoo. Shule zimefungwa wiki ya tatu sasa, chaki sijaigusa. Lakini kiganja changu cha kulia kilikuwa cheupe, unga mtupu, mpaka kwenye mikunjo ya vidole, na nyuma ya mkono kuna alama nne za mtu aliyenibana.

Nikanawa wa kushoto peke yake.